Rais wa kwetu, rais wa kwao

Jumapili moja ya Agosti mwaka 2023, baada ya sala ya mwisho, paroko hakutoa baraka mara moja. Alimwita msomaji, kijana mrefu wa kwaya, akamkabidhi karatasi zilizobanwa kwa pini, na kijana akaanza kusoma tamko la Baraza la Maaskofu Katoliki kuhusu mkataba wa bandari, makubaliano ya Tanzania na Dubai juu ya uendeshaji wa bandari zetu. Alisoma polepole, akijikwaa kidogo kila alipofika kwenye namba za vifungu. Mama mmoja aliyekuwa akimfunga mtoto mgongoni aliacha fundo la kanga nusu, akasikiliza. Msomaji alipofika mahali maaskofu wanaposema kwamba wananchi hawautaki mkataba ule, mzee aliyekaa benchi la nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake, kwa mnong'ono uliofika mabenchi matatu mbele:

"Angekuwa rais wa kwetu, karatasi hii isingesomwa."

Mwenzake akajibu, "Angekuwa wa kwetu, mkataba wenyewe usingekuwepo."

Kwa wazee wale, "wa kwetu" maana yake Mkatoliki, na Rais Samia ni Mwislamu. Maneno hayo bado yananisumbua. Wazee wale nawaheshimu, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha kutumikia altareni. Isitoshe, mimi ndiye mtu ambaye wangetegemea aitikie kwa kichwa. Ni Mkatoliki wa kihafidhina na sioni haya kusema hivyo: napokea Komunyo kwa ulimi, nimepiga magoti, naamini Papa Paulo VI alisema kweli katika Humanae Vitae, waraka wake wa mwaka 1968 unaokataa njia za bandia za uzazi wa mpango, na ulimwengu ukamcheka bure, na naamini uhai wa binadamu ni mtakatifu tangu kutungwa mimba hadi kifo cha kawaida. Alipofariki Rais John Magufuli nililia, na nilisali rozari nzima kwa ajili ya roho yake.

Lakini sikuitikia, na nimekuwa nikijiuliza kwa nini.

Sherehe ya Mtakatifu Yosefu

Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 sina haja ya kuusimulia. Kila mmoja wetu anakumbuka alikuwa wapi Makamu wa Rais alipotokea kwenye runinga kutangaza kifo cha Magufuli. Ninachokirudia mimi ni siku ya pili baada ya usiku ule, Ijumaa ya tarehe 19. Katika kalenda ya Kanisa hiyo ni Sherehe ya Mtakatifu Yosefu, na mwaka ule Papa Fransisko alikuwa ameutangaza kuwa mwaka wa Mtakatifu Yosefu. Sherehe inapoangukia Ijumaa, hata katikati ya Kwaresima, sheria ya Kanisa inaondoa wajibu wa kujinyima nyama. Kwa hiyo ilikuwa siku ya ajabu: taifa katika maombolezo, altare katika mavazi meupe.

Siku hiyohiyo, Ikulu ya Dar es Salaam, Samia Suluhu Hassan aliapa mbele ya Jaji Mkuu Ibrahim Juma akiwa amejitanda mtandio mwekundu, Kurani mkononi.

Nilivutwa pande mbili kwa wakati mmoja, na sidhani kwamba nilikuwa peke yangu. Upande mmoja ulikuwa huzuni ya mtu aliyempoteza mtu wake. Yule aliyekuwa akipiga magoti kanisani Mtakatifu Petro, Oysterbay, alikuwa njiani kuingizwa kanisa hilohilo akiwa ndani ya jeneza, na katika nafasi yake aliapa mtu asiyesali kama sisi. Upande wa pili ulikuwa utulivu ambao ulinishangaza. Ibara ya 37 ya Katiba inasema kwamba Rais akifariki, Makamu wa Rais ataapishwa kumalizia kipindi kilichobaki, na ndivyo ilivyofanyika. Mhafidhina ni mtu anayependa vitu vilivyorithiwa vifanye kazi yake. Kama kuna siku katika maisha yangu ambapo kitu kilichorithiwa kilifanya kazi yake mbele ya macho yangu, ni ile.

Kuhusu jinsia yake sikuwa na la kusumbuka, ingawa baadhi ya ndugu zangu katika imani walihangaika. Fundisho la Papa Yohane Paulo II la mwaka 1994, kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre, linahusu altare. Halihusu Ikulu.

Siku tatu baadaye, katika uwanja wa Jamhuri, Dodoma, Uhuru Kenyatta alikuwa akihutubia waombolezaji adhana iliposikika kutoka msikiti wa jirani. Alinyamaza. Mkatoliki, rais wa Kenya, kwenye jukwaa la msiba wa Mkatoliki mwenzake, akasubiri adhana ikamilike, kisha akaendelea na hotuba. Mwenyeji wake alikuwa rais Mwislamu ambaye alikuwa amekuja kumuaga mtangulizi wake kwa heshima zote. Nilikuwa natazama na mke wangu. Hakuna aliyesema neno, ila yeye alifanya ishara ya msalaba, na hadi leo sijamuuliza ilikuwa ya nini.

Alichokuwa nacho wa kwetu

Niwe mkweli kwa yule mzee wa benchi la nyuma: hakusema jambo la kubuni. Wengi wetu tulikuwa na sababu za kumwona Magufuli kuwa wetu, na sababu hizo hazikuishia kwenye cheti cha ubatizo. Alitaja jina la Mungu hadharani bila kuona soni, wakati viongozi wengi wa dunia wanalimeza. Kila mkutano aliomba aombewe. Janga lilipoingia mwaka 2020 alifunga shule na kuacha nyumba za ibada wazi, na Pasaka ya mwaka ule, Papa alipoadhimisha Misa katika basilika tupu ya Mtakatifu Petro, sisi tulikuwa na milango iliyofunguka. Mtu anayeamini kwamba Ekaristi ndiyo chemchemi na kilele cha maisha yake hawezi kusahau hilo upesi. Sijalisahau.

Septemba 2018 alisema hadharani, huko Meatu, kwamba wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu wa kulisha watoto wao, na muda mfupi baadaye matangazo ya uzazi wa mpango yaliyofadhiliwa na Marekani yakasimamishwa. Katika parokia yetu watu walipongezana.

Hapo ndipo nilipoanza kusita, ingawa kwa sauti ndogo. Humanae Vitae haisemi kwamba anayepanga uzazi ni mvivu. Inasema kwamba wazazi wanaweza, kwa sababu nzito na kwa kuheshimu sheria ya maadili, kuahirisha kupata mtoto, na inaonyesha njia ya kufuata mzunguko wa asili. Hoja ya Rais ilikuwa ya nguvukazi na ukubwa wa taifa. Hoja ya Papa ilikuwa ya heshima ya tendo la ndoa na ya wanandoa wenyewe. Siku ile hoja hizo mbili zilikutana njiani zikasalimiana, na sisi tukadhani zimetoka nyumba moja. Mtawala anayewataka watu wazae kwa sababu ya taifa anaweza kesho, kwa sababu hiyohiyo, kuwataka wasizae. Kanisa linampinga katika hali zote mbili kwa msingi uleule.

Mwili wa Kristo

Jambo lililonigusa zaidi, na ambalo nimelizungumza na watu wachache mno, lilitokea Machi 2020 katika kanisa kuu la Dodoma. Rais alisimama mbele ya waamini akasema kwamba korona ni shetani, na kwamba haiwezi kukaa katika mwili wa Yesu. Watu walipiga makofi. Mimi niliyesikia baadaye kwenye redio nilihisi kitu kikinikaba, na ilinichukua muda kujua ni nini.

Mhafidhina anatakiwa kuyajua mafundisho ya zamani kuliko wengine, ama sivyo anahifadhi nini? Mtakatifu Toma wa Akwino anafundisha kwamba katika mageuzo dutu yote ya mkate inageuka kuwa Mwili wa Kristo, na maumbo ya mkate yanabaki: rangi yake, ladha yake, uzito wake, na hata uwezo wake wa kuharibika. Hostia ikiachwa kwenye unyevu inaota ukungu. Divai iliyogeuzwa inaweza kuchacha. Misale ya Kiroma iliyotolewa na Papa Pio V mwaka 1570 ilikuwa na sehemu nzima ya maelekezo kwa padre kuhusu mikasa inayoweza kutokea wakati wa Misa, na mmoja wa mikasa hiyo ni sumu kuingia katika kalisi, yaani kikombe cha divai, baada ya mageuzo. Padre haambiwi ainywe kwa imani. Anaelekezwa aiweke kando na kugeuza divai nyingine.

Nilisoma maelekezo hayo usiku, kwenye kitabu kilichochakaa nilichorithi kwa padre mmoja marehemu, nikakaa nayo muda mrefu.

Maana yake ni kwamba Kanisa lililoamini kwa nguvu zaidi kuliko sisi kwamba Kristo yumo kweli katika Ekaristi halikuwahi kuahidi kwamba maumbo yake yatakuwa dawa dhidi ya sumu au ugonjwa. Kuamini hivyo kunasikika kama imani kubwa, kumbe kunaigeuza sakramenti kuwa hirizi. Na aliyetamka hivyo hakuwa katekista wa kigango aliyepitiwa. Alikuwa mkuu wa nchi, kanisani, mbele ya kipaza sauti. Waraka wa Vatikani wa mwaka 2004 kuhusu maadhimisho ya Ekaristi, Redemptionis Sacramentum, unasema wazi katika namba 74 kwamba mlei akihitajika kutoa mafundisho au ushuhuda kwa waamini ni bora sana afanye hivyo nje ya Misa, na kwamba hata pale panapokuwa na sababu nzito jambo hilo lisifanywe kuwa mazoea. Sisi tulilifanya kuwa mazoea. Tunaolalamika padre akibadilisha neno moja la sala ya Ekaristi tulikaa kimya mwanasiasa alipogeuza muda baada ya Komunyo kuwa hotuba, kwa kuwa mwanasiasa yule alikuwa wetu na alisema mambo tuliyoyapenda.

Najiuliza: kama rais Mwislamu angeingia kanisa kuu akatufafanulia Ekaristi, tungepiga makofi? Tungetoka nje. Tena tungekuwa na haki.

Mwanzoni mwa Machi 2021 Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba katika miezi miwili tu mapadre wapatao 25 na masista wapatao 60 walikuwa wamefariki, na akataja matatizo ya kupumua. Kabla ya hapo maaskofu walikwisha kutoa tahadhari kwa waamini, na nyuma zaidi, Aprili 2020, Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alikuwa amesimamisha Misa za hadhara jimboni mwake. Baadhi ya ndugu zangu wahafidhina walimwita mwoga. Mimi wakati ule sikumtetea wala sikumlaumu. Nilikuwa na milango yangu iliyofunguka, nikashukuru nikanyamaza.

Chini ya rais mpya chanjo ziliingia. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani, Ikulu. Chanjo za kwanza kufika nchini, zaidi ya dozi milioni moja za Johnson & Johnson, zilikuwa na tatizo ambalo Mkatoliki makini hawezi kuliruka: zilizalishwa kwa kutumia seli ambazo asili yake ni kijusi kilichotolewa mimba mwaka 1985. Idara ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani ilikuwa imeshalijibu swali hilo Desemba 2020. Pasipopatikana chanjo isiyo na doa hilo, kuitumia yenye doa kunakubalika kimaadili, kwa sababu uhusiano wa anayechanjwa na uovu ule wa awali ni wa mbali mno. Na chanjo kwa kawaida iwe ya hiari. Serikali ilisema ni hiari. Chaguo lingine wakati ule halikuwepo. Kwa kipimo cha Roma, basi, rais Mwislamu alikuwa amefuata utaratibu ambao Mkatoliki angeweza kuukubali kwa dhamiri safi, huku mtangulizi wake Mkatoliki akiwa amewaambia wananchi, Januari ya mwaka uleule, kwamba chanjo hazifai, bila kuitaja hoja ya kijusi hata mara moja.

Nilichanjwa. Mzee wa benchi la nyuma hakuchanjwa, na sababu aliyonipa haikuwa ya kijusi. Ilikuwa kwamba "wa kwetu" alikataa.

Zamu

Nchi yetu ina desturi isiyoandikwa popote, ambayo kila mtu anaihesabu kimoyomoyo. Nyerere Mkatoliki, Mwinyi Mwislamu, Mkapa Mkatoliki, Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkatoliki. Kwa hesabu hiyo, kipindi cha pili cha Magufuli, kilichoanza Novemba 2020, kilikuwa mali yetu hadi 2025, na kifo kikatupokonya zaidi ya miaka minne. Nimesikia hesabu hiyo kwenye jumuiya, kwenye harusi, hata kwenye kikao cha kamati ya ujenzi wa kanisa. Dkt. Philip Mpango, Mkatoliki, alipoapishwa kuwa Makamu wa Rais tarehe 31 Machi 2021, Jumatano ya Juma Kuu, wapo waliopumua kana kwamba mzani umerudishiwa jiwe lake.

Desturi hiyo siidharau. Imesaidia kuzuia mabaya ambayo majirani zetu wameyaona. Katiba yenyewe, hata hivyo, haina habari nayo. Ibara ya 40 inasema kwamba Makamu aliyeshika urais kwa miaka mitatu au zaidi ya kipindi cha mtangulizi wake atagombea mara moja tu. Inahesabu miaka. Haiulizi kama mhusika anashika rozari au tasbihi.

Na tukiifungua historia kwa unyofu, hesabu ya zamu inaanza kuyumba. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa Misa ya kila siku, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri umeshafunguliwa. Ni yeye huyo ambaye Serikali yake, kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969, ilizichukua shule za Kanisa. Shule ambazo wamisionari na wazazi wetu walizijenga kwa matofali ya kuchoma zilipita mikononi mwa Serikali chini ya rais aliyekuwa akipokea Komunyo asubuhi. Simhukumu, alikuwa na sababu, kubwa ikiwa kwamba watoto wa Kiislamu walikuwa wamebaki nyuma mno. Nasema tu kwamba "kuwa wetu" hakukuziokoa.

Kisha akaja Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu kutoka Zanzibar. Ni yeye aliyempokea Papa Yohane Paulo II alipotutembelea Septemba 1990. Na ni Serikali yake iliyotia saini na makanisa Hati ya Maelewano ya mwaka 1992 kuhusu huduma za afya na elimu, hati ambayo hospitali nyingi za Kanisa zimeiegemea tangu hapo na ambayo baadhi ya Waislamu wanailalamikia hadi leo.

Nilimweleza mzee mmoja habari hii. Alinitazama kama mtu aliyehesabiwa fedha zake mwenyewe na mgeni.

Barua mbili

Turudi kwenye tamko la bandari, kwa sababu hapo ndipo shaka yangu ilipokuwa nzito kabisa, na haikuwa shaka dhidi ya wazee wale peke yao. Nilikuwa na shaka na maaskofu pia.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake kuhusu Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 43, unawaonya walei wasidhani kwamba wachungaji wao ni mabingwa wa kila suala kiasi cha kuwa na jibu la papo hapo kwa kila tatizo. Mkataba wa bandari una vifungu vya sheria ya kimataifa, vya ukomo, vya usuluhishi. Bunge liliuridhia tarehe 10 Juni 2023, na wanasheria waliobobea wamebishana juu yake bila kukubaliana. Askofu anajuaje? Mhafidhina anapenda mipaka: padre altareni, mwanasheria mahakamani, mbunge bungeni. Nilipomsikia kijana wa kwaya akitaja namba za vifungu vya mkataba mahali ambapo dakika chache kabla tulikuwa tumesikia Injili, nilihisi mpaka umevukwa.

Hati hiyohiyo, namba 76, ndiyo iliyonirudisha nyuma. Inasema kwamba Kanisa lina haki ya kutoa hukumu ya kimaadili hata katika mambo ya siasa, pale haki za msingi za binadamu au wokovu wa roho unapodai hivyo. Swali likawa jembamba zaidi: je, kuwasikiliza wananchi kabla ya kukabidhi rasilimali yao ni haki ya msingi, au ni suala la busara ambalo Wakatoliki wawili wema wanaweza kutofautiana? Nimelipima muda mrefu. Naona kwamba kudai watu wasikilizwe ni suala la haki, na maaskofu walikuwa ndani ya wito wao. Kuhukumu kila kifungu ni suala la busara, na hapo naweza kutofautiana nao bila kukosea utii. Nimejaribu kuyasoma matamko ya maaskofu kwa kipimo hicho tangu hapo, na yamekuwa rahisi zaidi kuyabeba.

Ila kuna jambo ambalo halihitaji kupimwa, kwa sababu limo kwenye kumbukumbu. Februari 2018, kwa Kwaresima ya mwaka ule, maaskofu walitoa ujumbe uliokemea kubanwa kwa shughuli za vyama vya siasa na kusema kwamba hali hiyo inakiuka Katiba na sheria za nchi. Rais wakati huo alikuwa nani? Alikuwa wa kwetu. Maaskofu wa Kilutheri nao walitoa waraka wao Pasaka ileile, na mamlaka ya usajili ikawatumia barua ya kuwataka waufute.

Basi karatasi ilitolewa hata alipokuwa wa kwetu. Tofauti iko kwetu tuliokaa kwenye mabenchi. Mwaka 2018 nilisikia watu wakisema maaskofu wametumwa na wapinzani, na wengine wakisema wamefuata fedha. Waliosema hivyo mwaka 2018 ndio haohao waliopiga vigelegele Agosti 2023. Na upande wa pili wa mtaa, nimesikia Waislamu wenye heshima zao wakisema kwamba maaskofu wanampinga Rais kwa sababu ya dini yake. Siwezi kuwalaumu sana kwa kudhani hivyo, kwa kuwa ndivyo hasa mzee wa benchi la nyuma alivyolisikia tamko lenyewe, na kulifurahia.

Msichana wa Kidato cha Pili

Jambo la mwisho limenigharimu usingizi zaidi ya bandari.

Mimi husaidia semina ya wazazi wanaoandaa watoto wao kwa ubatizo. Mwaka mmoja alikuja msichana mwenye mtoto wa miezi minne, akifuatana na shangazi yake. Fomu yetu ina mistari ya kawaida. Kwenye jina la baba aliacha wazi. Kwenye elimu aliandika "Kidato cha Pili", akakata mstari juu yake, kisha akaandika tena "Kidato cha Pili". Aliandika kwa mwandiko mzuri sana, wa mtu aliyezoea kusifiwa daftari lake. Shangazi, tulipobaki wawili, aliniambia kwamba shuleni walipogundua mimba walimfukuza, na kwamba rafiki zake walikuwa wameshamtafutia mtu wa kuitoa kabla haijaonekana, ili asipoteze masomo. "Alikataa, mwalimu," alisema. "Alisema ataogopa kuja kusali."

Juni 2017, akiwa mkoani Pwani, Rais Magufuli alikuwa ametangaza kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi atakayepata mimba akarudi shuleni. Hoja yake ilikuwa ya maadili, na wahafidhina wengi waliipokea hivyo: adhabu itawatia wengine hofu. Tarehe 24 Novemba 2021, chini ya Rais Samia, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wasichana hao wataruhusiwa kurudi. Katika mazungumzo baada ya Misa nilisikia neno "kulegeza" mara nyingi.

Mimi namwona msichana yule. Aliambiwa na nchi yake kwamba akizaa amekwisha, na akijua kabisa kwamba akiitoa kwa siri atakaa darasani Jumatatu kana kwamba hakuna kilichotokea. Sheria ya adhabu inamtishia miaka saba jela kwa kutoa mimba, na utaratibu wa shule ukawa unamtishia maisha yake yote kwa kutoitoa. Mtu anayetetea uhai wa asiyezaliwa anawezaje kutetea utaratibu unaomfanya mama yake atamani asizaliwe? Nimelitafuta jibu kwa wahafidhina wenzangu ninaowaheshimu, nikapewa majibu kuhusu nidhamu, kuhusu mfano mbaya, kuhusu wazazi wa siku hizi. Kuhusu mtoto mwenyewe, yule wa miezi minne, sijapewa.

Hilo halimfanyi rais wa sasa kuwa wangu katika kila jambo. Amezungumza hadharani juu ya haja ya kupunguza kasi ya kuzaa, na kila njia za kisasa za uzazi wa mpango zinaposukumwa kwa nguvu kwenye vituo vya afya mimi nitapinga, kwa sababu zilezile za mwaka 1968. Sheria yetu inayokataza utoaji mimba haikuguswa na Magufuli na haijaguswa na Samia. Lakini Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo ibara yake ya 14 inazitaka nchi ziruhusu utoaji mimba katika mazingira kadhaa, ilitiwa saini na Tanzania mwaka 2003, Mkapa akiwa Ikulu, na kuridhiwa mwaka 2007, Kikwete akiwa Ikulu. Mkatoliki alianza na Mwislamu akamalizia, na benchi la nyuma, nijuavyo mimi, halikunong'ona mara zote mbili.

Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2025 kampeni za zamu zilikwisha kuanza chinichini. Mgombea yeyote akija kuomba kura kwetu, nitamwuliza atafanya nini na ibara hiyo ya 14, na atamfanyia nini msichana wa Kidato cha Pili. Maswali hayo mawili sijawahi kumsikia mwanasiasa akiulizwa pamoja kwenye jukwaa lolote, awe wa kwetu au wa kwao.